Nimepogoa na kuvuna zabibu Bourgogne, Ufaransa: mvinyo mwekundu wa bei mbaya unavyopatikana (uzi mrefu, tafuta kiti)

MkasiMkononi

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita humu mtu alitupia picha ya chupa ya mvinyo mwekundu wa Kifaransa, bei yake zaidi ya milioni tatu za Kitanzania, na ndani ya dakika kumi watu walikuwa wanatukanana. Huyu anasema wazungu wamerogwa, yule anasema aliyeinunua anatakatisha fedha. Nikaahidi kuja kueleza ninachokijua. Leo huku mvua inanyesha na sina pa kwenda.

Mimi si mtaalamu wa kuonja. Nilikuja Dijon kusoma, na kama wanafunzi wengi wa hapa nikaenda kutafuta kibarua mashambani. Nimevuna misimu miwili na kupogoa majira ya baridi mara moja, kwa familia yenye shamba dogo kijiji cha Gevrey-Chambertin, kusini kidogo ya mji. Mwenye shamba simtaji jina, nitamwita Mzee. Mengi nitakayoandika nimeyajua kwa kufokewa naye.

Naanza na ardhi, maana bila hiyo bei hamtaielewa. Ukitoka Dijon kuelekea kusini, mkono wako wa kulia kuna kilima kirefu kama ukuta, na mizabibu imejipanga ubavuni mwake ikitazama mashariki, jua linapotoka. Ukanda huo unaitwa Côte d'Or. Urefu wake ni kama kilomita 50, lakini upana wake sehemu nyingi unauvuka kwa miguu kabla hujatoka jasho. Juu kabisa ni msitu na mawe, baridi. Chini kabisa ni tambarare, udongo mzito unaotuamisha maji. Katikati, kwenye mwinuko wa kama mita 250 hadi 300, mawe ya chokaa yamechanganyika na udongo wa mfinyanzi kiasi kwamba maji ya mvua yanapita bila kupotea. Hapo katikati ndipo penye mashamba ambayo lebo zake huandikwa Grand Cru, daraja la juu kabisa. Yanayopakana nayo ni Premier Cru, kisha yanafuata yanayobeba jina la kijiji tu, na mwisho kabisa yanayoitwa Bourgogne basi. Daraja limefungwa kwenye kipande cha ardhi. Mkulima akiwa mvivu, daraja linabaki. Akiwa hodari kuliko wote lakini shamba lake liko bondeni, atakufa na daraja la bondeni.

Mzee ana mistari pande mbili za barabara kuu inayopita hapo kijijini. Zabibu ni aina moja, pinot noir, mikasi na mikono ni ileile. Mvinyo wa upande wa mlimani unauzwa mara tatu na zaidi ya ule wa upande wa bondeni. Nilicheka mara ya kwanza. Mwaka wa pili nilivuna kule bondeni baada ya mvua, buti zikawa zinabaki kwenye tope, huku mlimani natembea kama nipo varandani. Nikaacha kucheka.

Hiyo pinot noir yenyewe ilipendelewa kwa amri. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliagiza mizabibu ya gamay ing'olewe. Gamay inazaa sana, wakulima waliipenda, yeye akaiita mbaya sana na isiyo na uaminifu. Pinot noir ni kinyume chake: ganda jembamba, inaogopa baridi, inaogopa jua kali, inaugua ovyo. Mzee anasema ni kama kuoa binti wa sultani.

Nakuja na sehemu ya kupogoa.

Bibi_Mabibo

Nimetandika mkeka, chai ya tangawizi iko pembeni. Shusha mwanangu.

Kasuku254

Sasa mkubwa, mimi niko upande wa waliorogwa. Lakini endelea, nasikiza.

MkasiMkononi

Tuendelee.

Kupogoa kunaanza majani yakishapukutika na kushika kasi Januari hadi Machi. Asubuhi ardhi imeganda, vidole huvisikii. Mzabibu mmoja unakuwa umeotesha vijiti nane, kumi, mwaka uliopita. Unakata karibu vyote. Unabakiza kijiti kimoja kirefu chenye macho (pale panapochipua) sita au manane, na kisiki kifupi chenye macho mawili ili mwaka kesho upate pa kuanzia. Mtindo huu unaitwa Guyot, jina la daktari wa karne ya 19 aliyeueneza. Siku ya kwanza nilimaliza mstari mzima nikajiona fundi. Mzee akapita nyuma yangu kimya, akakata tena karibu nusu ya nilivyobakiza, kisha akasema, "Umeacha zabibu za kula."

Vijiti vinachomwa hapohapo, kwenye toroli lililotengenezwa kwa pipa la mafuta lililopasuliwa katikati. Unalisukuma mbele yako mstari hadi mstari. Ukitazama kilima chote asubuhi ya Februari unaona moshi mwembamba kila upande, na kila moshi una mtu aliyeinama pembeni yake. Ndiyo jiko letu pia.

Kitu kingine nilichojifunza nikiwa nimepiga magoti: karibu kila mzabibu wa Ufaransa una miguu ya Kimarekani. Miaka ya 1860 kuliingia kidudu kidogo kutoka Amerika kinachoitwa filoksera, kinafyonza mizizi hadi mti unakufa. Kilifika Côte d'Or mwaka 1878. Walijaribu dawa za kila aina, hata kufurika mashamba maji huko kusini, na mwisho suluhisho likawa kubebesha: shina la chini la mzabibu wa Amerika, ambao kidudu hakiuwezi, na juu yake kikonyo cha pinot noir. Ukishika shina unakiona kile kivimbe cha makutano, kama goti. Shamba la Romanée-Conti, ambalo ndilo linalotajwa kuliko yote, lilikataa kubebesha hadi mwaka 1945. Mavuno ya mwaka huo yalitoa chupa 600 tu hivi, kisha mizabibu ikang'olewa, ikapandwa mingine iliyobebeshwa mwaka 1947. Hakuna mvinyo wa Romanée-Conti wa 1946 hadi 1951.

Mgogo_wa_Hombolo

Mkuu MkasiMkononi, hapa umenigusa. Mimi nalima zabibu Hombolo, Dodoma, ekari mbili. Nina maswali mawili.

La kwanza: sisi tunapogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hao mbona wanavuna mara moja na bado wana hela?

La pili: macho manane kwa mti? Hiyo si kilimo, ni adhabu. Mnunuzi wangu ananilipa kwa kilo. Nikibakiza macho manane watoto watakula majani ya zabibu.

MkasiMkononi

Mgogo_wa_Hombolo, nilikuwa naomba aje mtu kama wewe.

La kwanza ni jepesi. Mzabibu wako haulali. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkasi wako ndio unaouambia "amka, anza upya". Huku unalala kabisa kuanzia Novemba hadi Machi, ni ukuni tu. Mwaka mzima unategemea mavuno yale ya mara moja, yakiharibika hakuna Agosti ya kuokoa.

La pili ndilo lenye uzi wote ndani yake. Wanapanda mizabibu karibu 10,000 kwa hekta, mita moja kwa mita moja, ili igombanie chakula na maji. Kumwagilia kumekatazwa. Kisha kanuni inaweka ukomo: mvinyo mwekundu wa daraja la kijiji kama Gevrey ni hektolita 40 hivi kwa hekta (hektolita moja ni lita 100), ya daraja la juu ni kama 35 au 37. Piga hesabu: lita 3,700 kugawa kwa mizabibu 10,000. Kila mzabibu unatoa kama nusu chupa kwa mwaka. Mti unaoupigia magoti Januari, unaufunga kwenye waya Juni, unaupunguzia majani Julai, nusu chupa! Wewe ukizidisha kilo mnunuzi anakupa mkono. Mzee akizidisha ukomo, ananyang'anywa ruhusa ya kuandika jina la kijiji kwenye lebo.

Na haitoshi. Julai, zabibu zikiwa bado kijani na ngumu kama njegere, mwaka ambao mti umebeba sana tunapita tena kukata vichala na kuviangusha chini. Vinaoza hapo.

Mgogo_wa_Hombolo

Mnaviangusha CHINI? Vichala vizima?

Hapana mkuu. Hiyo ni dhambi kabisa. Mama yangu angeona hivyo angelia.

Bibi_Mabibo

Hata mimi roho imeniuma. Hakuna hata mbuzi wa kuvila?

MkasiMkononi

Hakuna hata mbuzi, bibi. Hata mimi niliviokota vichache siku ya kwanza nikaonja. Vichungu, vikali, ukakasi wa ndizi mbichi.

Sababu yao ni hii. Rangi, harufu na ule ukakasi mzuri wa mvinyo mwekundu viko kwenye ganda. Nyama ya pinot noir ni nyeupe. Ukiikamua haraka bila maganda unapata maji meupe, na ndivyo wanavyofanya Champagne. Punje ikiwa kubwa ina maji mengi na ganda kidogo. Punje ikiwa ndogo, uwiano unageuka. Mti wenye vichala vichache kwenye udongo wenye njaa unatoa punje ndogo zenye ganda la kutosha, na zote zinaiva kwa pamoja. Ila nami nina dukuduku: naona dini hii ya kupunguza wakati mwingine wanaizidisha. Kuna mwaka Mzee alikata mno na mvinyo ukatoka mzito, hauna furaha. Alikiri mwenyewe, lakini baada ya glasi ya tatu.

Sasa hatari za mwaka. Ya kwanza ni sakitu ya Aprili. Macho yameshafumuka, kijani kibichi, halafu usiku mmoja anga iko wazi, upepo umetulia, joto linashuka chini ya sifuri na kila chipukizi linageuka kahawia asubuhi. Mwaka 2021, usiku wa kati ya tarehe 5 na 8 Aprili, Ufaransa karibu nzima ilipigwa. Mzee aliamka saa nane za usiku na familia yake kuwasha mishumaa, mindoo ya nta inayopangwa katikati ya mistari, mia tatu, mia nne kwa hekta. Ana picha: kilima chote kinawaka kama mkesha wa Pasaka. Inapandisha joto nyuzi mbili tatu tu. Kwake iliokoa mlimani, bondeni alipoteza karibu kila kitu.

Ya pili ni ukungu. Huku mvua za Mei na Juni hazina adabu. Dawa ya zamani ni ileile babu zetu wa kahawa waliyoijua: mrututu na chokaa. Ilianzia Bordeaux, kusini-magharibi. Wakulima wa Médoc walikuwa wanapaka mizabibu ya kandokando ya njia rangi ya kutisha ili wapita njia wasiibe zabibu. Profesa Alexis Millardet akaona ile iliyopakwa haina ukungu, akafanyia majaribio, na mwaka 1885 akatangaza. Hadi leo hata wanaolima bila kemikali za kiwandani wanautumia, ila Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, maana inajikusanya kwenye udongo.

Ya tatu ni jua lenyewe. Kuna kumbukumbu za tarehe za kuvuna za mji wa Beaune kuanzia mwaka 1354. Hadi 1987 wastani ulikuwa tarehe 28 Septemba. Tangu 1988 wanavuna mapema zaidi kwa siku 13 hivi. Mwaka 2003 walivuna Agosti. Binti wa sultani hapendi joto, na kilima hakiwezi kuhamishiwa kaskazini.

Ustaadh_wa_Mkunazini

Assalaam alaykum. Mimi bidhaa hiyo situmii wala sitaitumia, lakini elimu haina mwiko, nasoma kila neno. Swali langu: hivi wanatia kitu gani hadi juisi igeuke? Au inageuka yenyewe?

MkasiMkononi

Waalaykum salaam shehe. Swali lako nitalijibu tukifika kwenye pipa, subira kidogo. Kwanza tuvune.

Tangu mizabibu ichanue, mwanzoni mwa Juni, unahesabu siku mia moja hivi. Wiki ya mwisho Mzee halali. Anatembea mistarini, anatafuna punje, anatema mbegu kiganjani. Mbegu ikiwa ya kijani bado. Ikiwa ya kahawia na inavunjika menoni kama karanga iliyokaangwa, anapiga simu: njooni kesho saa moja asubuhi.

Mizabibu ya huku ni mifupi. Vichala vinaning'inia usawa wa goti, karibu na mawe, ili vipate joto la ardhi usiku. Kwa hiyo unavuna umeinama, au umechuchumaa, au unatambaa, saa nane kwa siku, kwa siku nane hadi kumi. Siku ya pili nilishindwa kuvaa soksi. Nimejikata kidole mara tatu, na mkasi huo unakata mfupa wa kuku bila kelele. Unakata kichala, unakigeuza, unatoa punje zenye ukungu wa kijivu kwa ncha ya mkasi, unaweka kwenye kreti fupi ili za chini zisipondeke. Mashine zipo, ila kwa mvinyo wa daraja hili wengi bado wanavuna kwa mkono.

Mchana mnakula meza moja ndefu, Mzee, mkewe, Wapolandi, wanafunzi, wastaafu wanaokuja kila mwaka. Siku ya mwisho kuna karamu, na hapo hata Mzee anaimba.

Inzovu_Lyon

Samahani ndugu, mimi ni Mrundi niko hapa Lyon miaka kumi na moja. Umesimulia meza ndefu na nyimbo, sawa, una bahati na Mzee wako. Usifiche upande wa pili. Mavuno ya 2023 kule Champagne, wavunaji zaidi ya hamsini, wengi Waafrika Magharibi wasio na vibali, walikutwa wamerundikwa kwenye nyumba chafu, chakula kibovu, kazi kutwa. Kesi ilikwenda mahakama ya Châlons-en-Champagne, na Julai 2025 watu watatu wakatiwa hatiani kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Chupa za kule nazo zina lebo nzuri.

MkasiMkononi

Inzovu_Lyon, asante, na sikutaka kuficha. Hata Bourgogne mashamba mengi siku hizi hayaajiri wavunaji yenyewe, yanapitia mawakala, na ukimuuliza mwenye shamba nani analala wapi, hajui. Mimi niliingia kwa Mzee kwa sababu rafiki yangu alishafanya kazi pale. Anayepanga kuja kuvuna asome mkataba, ahakikishe kuna karatasi ya mshahara, na asimpe mtu pasipoti yake kwa sababu yoyote ile.

Sasa shehe, pipa.

Zabibu zikifika zinapita kwenye mkanda unaotembea, watu sita pembeni tunachambua: majani, punje zilizooza, konokono. Kisha mashine inaondoa vikonyo, ingawa wengine wanaacha vichala vizima kiasi. Zote zinaingia kwenye pipa kubwa la mbao lililo wazi juu, maganda, mbegu, maji, pamoja. Siku nne tano za kwanza linawekwa baridi na hakuna kinachotokea. Unaanza kuona rangi inatoka kwenye ganda taratibu, waridi, halafu zambarau.

Halafu siku ya tano au sita unaweka sikio, unasikia linachemka. Hakuna aliyetia kitu. Hamira ipo hewani, kwenye maganda, kwenye mbao za jengo. Inakula sukari, inatoa kilevi, joto na hewa ya kaboni daioksaidi. Kama gramu 17 za sukari kwa lita ndizo zinazotoa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo ukipima sukari siku ya kuvuna unajua utafika wapi. Wengine wanatia hamira ya pakiti ili wawe na uhakika, Mzee hatii. Miaka ya baridi, jua likiwa halikutosha, sheria inaruhusu kuongeza sukari kidogo; ilipewa jina la Chaptal, waziri wa Napoleon aliyeitetea.

Ustaadh_wa_Mkunazini

Nimeelewa. Ndiyo maana tukafundishwa maji ya tende yasizidi siku tatu. Allah akulipe.

MkasiMkononi

Amin shehe.

Maganda yanapanda juu yanafanya kofia nene, kama ukoko wa wali, unaweza kusimamia. Lazima izamishwe mara moja mbili kwa siku, la sivyo inakauka na kugeuka siki. Mzee ana fimbo yenye kisahani mwishoni, lakini pipa likiwa zito tunaingia wenyewe, kaptura na miguu iliyosuguliwa. Juu ni moto, chini miguu inakuta ubaridi, unakanyaga hadi joto lichanganyike. Haliachwi lipite nyuzi 32 hivi. Ile hewa inayotoka ni nzito, inajaa juu ya pipa, haina harufu ya kukuonya, na watu wameshakufa humo. Kwa hiyo haingii mtu peke yake, na kabla ya kuingia Mzee anashusha mshumaa kwenye kamba. Ukizimika, tunafungua milango tunasubiri.

Baada ya wiki mbili tatu sukari imekwisha. Unafungua bomba la chini, mvinyo unatoka wenyewe, huo ndio ulio mwororo. Machicha yanayobaki yanaingia kwenye shinikizo, yanakamuliwa polepole, na ule wa kukamua una ukakasi zaidi. Wanautunza kando, baadaye wanaamua wachanganye kiasi gani.

Bibi_Mabibo

Ukakasi nao si ukakasi tu jamani? Sisi tuliokulia kwenye mabibo ya korosho tunaujua, ulimi unakunjamana kama umelamba chokaa. Sasa mtu analipia milioni tatu kwa ajili hiyo?

MkasiMkononi

Hahaha bibi, sawa kabisa, jamaa ni mmoja. Mvinyo mchanga una ukakasi wa mabibo. Kazi ya ghala la chini ya ardhi ni kuugeuza.

Unaingizwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 228, moja linatoa chupa kama 300. Mwaloni unatoka misitu kama Tronçais, katikati ya Ufaransa, miti ya miaka 150 hadi 200. Mbao hazikatwi kwa msumeno tu, zinapasuliwa kufuata uzi wake ili pipa lisivuje, kisha zinarundikwa nje miaka miwili mitatu, mvua iziloweshe, jua lizikaushe, hadi uchungu wa mti utoke. Fundi anazikunja juu ya moto na kuzichoma kidogo kwa ndani. Pipa jipya moja ni karibu euro 1,000, na ladha yake inaisha baada ya misimu michache. Mzee anatumia mapya machache, anasema kuna majirani wanaouza juisi ya mbao.

Humo unakaa mwaka, mwaka na nusu. Majira ya kuchipua yakija, ghala likipata joto, unafanya mchachuo wa pili wa kimyakimya: bakteria wanageuza asidi ya tufaha bichi kuwa asidi ya maziwa mgando. Ule ukali wa kukunja uso unalainika. Mbao zinapumua, kiasi kinapungua, kwa hiyo kila wiki mbili hivi nilikuwa napita na birika kujaza. Pipa likibaki na nafasi, hewa inaingia, una siki. Mashapo yanashuka chini. Wengine wanasafisha kwa ute wa mayai, mayai machache kwa pipa, unabeba vumbi la ukakasi unashuka nalo. Inatiwa salfa kidogo, inaingia chupani, kizibo cha gome la mwaloni wa Ureno, basi.

Siku moja Mzee alinichotea kutoka mapipa mawili yaliyosimama bega kwa bega, mwaka mmoja, mikono ileile. La bondeni lilikuwa zuri, zambarau mbivu, likaisha. La mlimani nilimeza na bado likawa linaendelea: kwanza tunda, halafu kitu kama vumbi la mvua ya kwanza, halafu chumvichumvi ya jiwe, na ule ukakasi umekuwa kama kitambaa cha hariri kinavutwa ulimini. Nilisimama pale kama mjinga. Sikusema kitu, na Mzee hakuuliza.

Kasuku254

Umesimulia vizuri, sitakataa. Lakini bado hujanijibu. Kahawa ya kwetu Nyeri inapogolewa, inachumwa kwa mkono punje nyekundu peke yake, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa, inachaguliwa tena kwa mkono. Kazi ni ileile. Mbona hakuna anayelipa milioni? Ni jina, mkubwa. Mnauziwa jina.

MkasiMkononi

Kasuku254, sehemu kubwa ya bei ni jina, nakubali bila kubishana. Gharama ya kutengeneza chupa ya milioni tatu haikaribii milioni tatu hata kidogo. Jibu la kwa nini jina lao linauzika na la kwetu halijafika huko, nionavyo mimi, liko kwenye karatasi.

Watawa wa Cîteaux walianza kulima huko karne ya 12, wakatenganisha kipande kwa kipande kwa mamia ya miaka na kujenga ukuta kuzunguka Clos de Vougeot. Mapinduzi ya Ufaransa yakawanyang'anya ardhi ikauzwa, kisha sheria ya urithi ya Napoleon ikagawa sawa kwa watoto wote. Leo Clos de Vougeot, hekta 50, ina wamiliki kama 80. Wengine wana mistari michache tu. Halafu mwaka 1935 serikali ikaunda chombo cha kulinda majina ya asili, na tangu hapo ukiandika Chambertin, jina la shamba la Grand Cru pale Gevrey, kwenye chupa wakati zabibu zimetoka ng'ambo ya barabara, ni kosa la jinai. Kila shamba lina jina, mpaka, ukomo wa mavuno. Kahawa yako ikifika sokoni, nani anajua ilitoka kwenye mistari ipi?

Romanée-Conti ni hekta 1.8. Haiwezi kuongezwa hata mita. Matajiri wa dunia wanaongezeka, shamba haliongezeki. Mwaka 2018 chupa moja ya ule wa 1945 niliousema juu ilinadiwa New York kwa dola 558,000. Aliyeinunua hakununua kinywaji.

Na penye jina kuna wezi wa jina. Rudy Kurniawan, kijana aliyekuwa Marekani, alikuwa anachanganya mvinyo jikoni kwake na kuchapisha lebo za zamani. Mwaka 2008 alipeleka mnadani chupa za Clos Saint-Denis za familia ya Ponsot, za miaka kuanzia 1945 hadi 1971. Laurent Ponsot akapanda ndege kwenda New York kuzizuia, maana familia yake ilianza kutengeneza mvinyo wa shamba hilo miaka ya 1980. Kurniawan alihukumiwa miaka 10 mwaka 2014. Kilichonichekesha ni kwamba matajiri walishakunywa nyingi na kuzisifu.

Kasuku254

Hahaha! Hapo sasa umenipa kesi yangu mwenyewe. Waliosifu mvinyo wa jikoni ni nani waliorogwa?

MkasiMkononi

Hiyo nakuachia, umeshinda raundi hiyo. Ila pipa la mlimani nililionja bila lebo.

Mgogo_wa_Hombolo

Wakuu nimesoma hadi mwisho, nimerudi juu, nimesoma tena pale pa vichala.

MkasiMkononi, nina mistari kumi na nne upande wenye mawe, kule zabibu huwa ndogo na mnunuzi huzilalamikia. Msimu ujao nitachukua miwili tu. Nitakata nusu ya vichala zikiwa bado njegere, halafu nitazikamua mwenyewe kwenye ndoo, mbali na za mnunuzi. Niambie nikate vya juu au vya chini? Na ujibu inbox, mama watoto huwa anapita humu.

MkasiMkononi

Vya mwisho wa kijiti kwanza, na vile vilivyobanana. Acha kimoja kwa kila chipukizi. Nakuja inbox.